Kugeuza meli kwa nanga: ubaharia wa kweli katika riwaya za Frederick Marryat

Mwandishi wa hadithi za baharini humpimi kwa maelezo yake ya machweo. Mpime pale chombo kinaposukumwa pwani na dhoruba. Hapo ndipo Frederick Marryat anapowaacha wengi nyuma. Alizaliwa London mwaka 1792, akaingia jeshi la majini la Uingereza mwaka 1806 akiwa na miaka 14, chini ya nahodha Thomas Cochrane, mtu wa vituko na mapambano. Aliacha utumishi mwaka 1830, akashika kalamu moja kwa moja.

Chukua Peter Simple (1834). Manowari Diomede imebanwa na upepo karibu na pwani ya Ufaransa, nchi kavu ikiwa upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea. Kubisha kwa kawaida, yaani kuigeuza meli kwa kuuvuka upepo kwa mbele, hakuwezekani: mawimbi yanaupiga omo (sehemu ya mbele ya meli), mwendo unakwisha kabla meli haijauvuka upepo, inarudi ilikokuwa. Kuzunguka kwa kuupa upepo shetri, yaani nyuma ya meli, nako kunataka nafasi kubwa demani, na nafasi ndiyo iliyokosekana.

Inabaki nanga. Amari, kamba nene ya nanga, huwekwa tayari isije ikakwama, na watu wa shoka wasimame karibu. Omo huelekezwa kwenye upepo. Meli inapoanza kusita tu, nanga ya upande wa demani inaachiwa. Ikishika, huuvuta omo mpaka uuvuke upepo. Foromali, miti inayobeba matanga, zinazungushwa, matanga yanashika upande wa pili, amari inakatwa hapo hapo. Nanga imekwenda, meli imepona. Ukikata mapema, omo unaanguka tena demani. Ukichelewa, meli inabaki imefungwa huku mawimbi yakiipiga. Na nanga isiposhika, huna mara ya pili. Marryat haya yote hayafundishi, anayaweka ndani ya amri fupi fupi za nahodha Savage.

Mkono huohuo ndio uliotoa, mwaka 1817, kitabu cha ishara za bendera kwa meli za biashara. Bendera zilisimamia tarakimu. Ukizisoma unapata namba, namba unaitafuta kitabuni, nayo inakupa jina la meli, mnara wa taa au sentensi nzima.

Visa vyake, kusema kweli, vimeungwa kwa uzi mwembamba, kwa kuwa vingi vilitoka kidogo kidogo magazetini. Mr Midshipman Easy (1836) inachekesha kuliko zote: kijana aliyelelewa kuamini usawa wa binadamu anakwenda kuudai manowarini. Humo yumo Mesty, Mwashanti aliyewahi kuwa mtumwa, mwenye akili kuliko wengi melini, lakini matamshi yake yameandikwa kwa kejeli. Msomaji ajue pia kwamba baba yake Marryat alikuwa mbunge aliyepinga kukomeshwa kwa utumwa.

Anza na Peter Simple. Frank Mildmay (1829), riwaya yake ya kwanza, ina uchungu mwingi na mhusika mkuu hapendeki, isubiri. Masterman Ready (1841), ya familia iliyovunjikiwa na meli kisiwani, aliwaandikia watoto.