Pugu Stesheni Ina Reli Mbili: Elimu kwa Abiria na Wakazi wa Kando ya Njia

Katika kampeni ya usalama wa reli inayoendelea kwenye kata zinazopitiwa na njia ya treni jijini Dar es Salaam, swali linaloulizwa sana na wakazi wa Pugu ni kwa nini mambo yaliyozoeleka kwa miaka mingi kwenye reli ya zamani, kama kutembea juu ya njia, yanakatazwa kwenye reli ya treni ya umeme. Wengi wameshalichukua katazo hilo kuwa ni ubaguzi dhidi ya abiria wa kipato cha chini, na dhana hiyo imeenea hadi kwenye mikutano ya mitaa. Ukweli ni kwamba Pugu ina stesheni mbili za reli mbili, na kila moja ilijengwa kwa wakati wake, kwa vipimo vyake na kwa namna yake ya kumlinda mtu.

Reli ya kwanza ni Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya utawala wa Wajerumani, ukapanda vilima vya Pugu, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000, na ndiyo sababu wafanyakazi wa reli huiita reli ya mita moja. Reli hiyo imepita mikononi mwa Waingereza, kisha mwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki tangu mwaka 1948, na baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 likaundwa Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 uendeshaji ulikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India, ukarudishwa serikalini mwaka 2011, na Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ikaunganisha upya uendeshaji na umiliki wa miundombinu ambavyo kwa miaka kadhaa vilikuwa chini ya kampuni mbili, TRL iliyoendesha treni na RAHCO iliyomiliki miundombinu. Katika sehemu kubwa ya historia hiyo Pugu ilikuwa kituo kidogo cha treni za bara. Wakazi wake walianza kuipata reli kama usafiri wa kwenda kazini baada ya treni ya mjini, iliyoanza Oktoba 2012 kwa safari za Ubungo Maziwa na kuitwa na wananchi treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, kuongezewa njia ya Pugu mwaka 2016.

Reli ya pili ni SGR, yaani reli ya kisasa ya treni ya umeme. Jiwe la msingi la kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro liliwekwa hapahapa Pugu tarehe 12 Aprili 2017, na safari za abiria zilianza tarehe 14 Juni 2024. Upana wake ni milimita 1,435, inatumia umeme wa volti 25,000 unaopita kwenye waya wa juu ya njia, na imesanifiwa kwa treni ya abiria kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine, na hakuna tiketi ya pamoja.

Kwa hiyo abiria ahakikishe kwanza anakwenda stesheni ipi. Treni ya mjini ya reli ya zamani ni ya asubuhi na jioni, inasimama katika vituo vingi vya njiani, na imepangwa kwa ajili ya anayekwenda kazini na kurudi. Kwenye SGR tiketi hutolewa kwa jina na namba ya kiti, na abiria hutakiwa kuwa na kitambulisho kinacholingana na jina hilo. Kwa viwango vilivyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Pugu, umbali wa kilomita 19, ni shilingi 1,000, na hadi Morogoro ni shilingi 13,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 4 halipi. Treni ya haraka haisimami vituo vya kati, hivyo anayeipanda Dar es Salaam akitarajia kushuka Pugu atapitilizwa, na mhudumu wa behewa hana mamlaka ya kuisimamisha kwa ajili yake. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Mwenye malalamiko kuhusu huduma au nauli ayapeleke kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, akiambatisha nakala ya tiketi. Asiporidhika na majibu ayafikishe LATRA, na akiona bado hakutendewa haki anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Kwa anayehitaji kuelekezwa namna ya kuandaa lalamiko lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC. Lalamiko linaloanza na kuishia kwenye kundi la WhatsApp halisajiliwi popote.

Sasa usalama, ambao ndio unaotutia hofu zaidi. Kwa zaidi ya miaka mia moja wakazi wa kuanzia Vingunguti, Gongo la Mboto hadi Pugu wametembea juu ya mataruma kama njia ya miguu, wakitegemea masikio: injini ya mvuke, na baadaye ya dizeli, ilisikika mbali, na mtu alipata muda wa kukaa pembeni. Mazoea hayo hayakuwa salama hata wakati huo, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma lina msuguano mdogo na treni ya mizigo iliyobanwa breki inaweza kuendelea kwa kilomita nzima au zaidi kabla ya kusimama. Kwenye SGR yanaua. Treni ya umeme, ikiwemo ile ambayo wananchi wameipa jina la Mchongoko, inakuja na kelele kidogo, na inapokimbia kilomita 160 kwa saa humaliza takriban mita 44 kwa kila sekunde. Umeme wa volti 25,000 nao hausubiri kuguswa, kwani unaweza kuruka kumfuata mtu au fimbo iliyosogea karibu mno. Uzio uliopo kando ya njia ni kwa ajili hiyo. Anayeukata ili mbuzi wapite, au ili apunguze mzunguko wa kwenda kwenye kivuko cha juu au cha chini, anamfungulia mlango mtoto wa jirani.

Kuhusu adhabu, ieleweke kwamba kuingia eneo la njia bila ruhusa na kusafiri bila tiketi ni makosa, lakini kuiba nyaya au vyuma vya reli kuna uzito mwingine kabisa. Mtuhumiwa anaweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi, kesi ambayo husikilizwa kwa kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na thamani ya mali ikizidi shilingi milioni 10 sharti mojawapo la dhamana ni kuweka mahakamani nusu ya thamani hiyo, kwa fedha taslimu au kwa mali. Familia nyingi hulijua sharti hili siku ya kwanza ya kesi, wakati kijana ameshapelekwa mahabusu. Mnunuzi wa vyuma chakavu asidhani yuko salama kwa kuwa hakukata yeye, kwa sababu kupokea mali ya wizi nalo ni kosa.

Jambo la mwisho ni hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kando ya njia, ambayo ni mita 15 kila upande mijini na mita 30 nje ya miji. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa haibadilishi mpaka huo, na nyumba iliyowekewa alama ya X ya kubomolewa ndani ya hifadhi haipati haki ya fidia kwa kuwa tu mwenyewe alinunua bila kujua. Anayetaka kiwanja karibu na njia apeleke namba yake ofisi ya ardhi ya Jiji aone ramani ya upimaji, kisha aombe kwa barua ofisi ya reli imwonyeshe mawe ya mpaka pale kiwanjani, na hayo yote ayafanye kabla ya kulipa hata arubuni.