Kabla ya kuuliza "mnataka nini?"

Nimefanya kazi ya uafisa mipango kwenye halmashauri kwa miaka mingi, na swali ninalolikwepa ni "Wananchi, mnataka nini?" Uliza hivyo chini ya mwembe, utaondoka na orodha: zahanati, maji, barabara, umeme, nyumba ya mwalimu. Kijiji cha pili utaikuta ileile. Unapigiwa makofi, unapanda gari, na mkutano unaofuata wanakuja wazee saba.

Sheria ya serikali za mitaa ya Tanzania ya 1982 imeweka mlango wazi: mkazi yeyote wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano huo hutakiwa kila robo mwaka, mapato na matumizi yasomwe. Tatizo ni yanavyosomwa. "Matumizi mengineyo" ukiyataja haraka haraka, nani atauliza?

Kuna kijiji kimoja kilikuwa na boma la darasa, yaani kuta zisizo na paa, lililofika kwenye lenta likaachwa miaka minne, mvua ikila matofali. Taarifa ilisema wananchi hawana mwamko. Nilipokwenda sikuomba vipaumbele. Niliandika ubaoni ukomo wa bajeti wa kata ile, yaani kiwango cha juu cha fedha inachoweza kupewa, bei ya bati na mbao, na kiasi kitakachopungua. Mama mmoja muuza mihogo, aliyekaa nyuma kabisa, akasimama: "Na mchango wetu wa kwanza, baba, ulinunua nini?"

Kimya. Hakuna aliyekuwa na stakabadhi.

Siku ile hatukupanga chochote. Tuliutumia mkutano mzima kujibu swali lake, tukahesabu saruji na nondo, tukakuta mifuko kadhaa imegandia stoo kwa kuwa fundi hakulipwa. Kumbe watu walikuwa na mwamko, ila walichoka kuchangia gizani. Mkutano ukachagua kamati ya ujenzi, mama yule akakabidhiwa ufunguo wa stoo, na kila risiti ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji.

Jambo jingine ni kalenda, na hapa tunakosea sisi wataalamu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Maoni yanatakiwa yapande kutoka kijijini hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani, mapema kabla Bunge la Bajeti halijaketi Aprili. Ukiitisha mkutano Mei unawapotezea watu muda wao. Siku nayo ina maana: ukiweka siku ya mnada, au saa ambayo kina mama wako kisimani, utakuwa umeshaamua nani asisikike. (Niliwahi kufanya yote mawili kwa mkupuo. Nilizungumza na mwenyekiti na mbuzi wake.)

Kwa hiyo sasa naanza kila mkutano kwa majibu ya uliopita: mliomba hiki, kimefanyika, kile kimekataliwa, na sababu ni hii. Kukataliwa wanakuvumilia wakijua sababu. Boma lile lilipauliwa kabla ya masika, na ufunguo wa stoo bado anao yule mama. Fundi akitaka misumari, anasaini kwanza.