Chanjo ya Kumeza Inayobebwa na Bakteria: Kazi Iko Utumboni

"Yaani mninyweshe vijidudu?" Swali hili halikosekani tukizungumzia chanjo za kumeza. Jibu ni ndiyo, na si jambo geni. Chanjo ya taifodi iitwayo Ty21a ni bakteria hai wa ugonjwa wenyewe, waliodhoofishwa na kufungwa kwenye kapsuli inayostahimili tindikali ya tumbo.

Watafiti wanataka kwenda mbali zaidi: kumtumia bakteria ambaye hajawahi kuwa adui. Lactococcus lactis, yule wa kutengenezea jibini, hupandikizwa jeni ya kipande cha sumu ya pepopunda, kipande ambacho peke yake hakidhuru. Bakteria huzalisha protini hiyo, kinga ya mwili ikajifunza kuitambua na kupambana nayo. Panya waliochanjwa hivyo walihimili sumu yenyewe. Bacillus subtilis, bakteria mwingine asiye na shari, naye akibanwa na njaa hujifungia ndani ya spora, yaani ganda gumu ambalo joto halilisumbui, sifa inayovutia sana kwa kuwa chanjo nyingi lazima zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 8.

Sindano huamsha zaidi kingamwili za kwenye damu. Chanjo ya kumeza inalenga zile za kwenye ute wa utumbo, mlango wanaopitia vijidudu vya kipindupindu na taifodi.

Ugumu ni kwamba utumbo umefundishwa kunyamaza. Kila siku unapitiwa na chakula na matrilioni ya bakteria. Ukipambana na kila kimoja, tutaugua daima. Kwa hiyo mgeni asiye na shari hupita getini bila kuulizwa jina. Upole uleule unaomfanya bakteria awe salama ndio unaoidhoofisha chanjo, na kuongeza dozi ovyo kunaweza kuufunza mwili kuipuuza kabisa. Kwangu mimi, hapa ndipo utafiti utakapofaulu au kukwama, si kwenye kupandikiza jeni.

Vipi bakteria huyu aliyepandikizwa jeni akitoroka na kuzaliana nje? Huondolewa jeni ya kujitengenezea timidini, kiungo cha DNA; asipopewa timidini hiyo, hufa. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 10 wa Crohn, ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo, waliomeza bakteria wa namna hiyo, ingawa alibeba dawa, si chanjo. Jeni za usugu dhidi ya antibayotiki nazo hazitakiwi kubaki ndani yake, maana zinaweza kuhamia kwa bakteria wengine.

Chanjo hizi za bakteria wa vyakula bado ni za maabara na majaribio. Anayekuuzia probiotiki, yaani bakteria hai wanaoliwa kwa ajili ya afya, akidai ni chanjo, anakudanganya.