Siku moja Arusha mjini kabla ya kukimbilia mbugani

Wageni wengi, hata wanaotoka Dar, huiona Arusha kupitia dirisha la gari. Wanalala usiku mmoja, asubuhi wanapakia mizigo, hao Ngorongoro. Kazi yangu ni kutembeza watu mjini kwa miguu, na kila ninayemtembeza humpa swali la kubeba siku nzima: jengo hili alijengewa nani, na nani amelikalia baadaye? Hatuna magofu ya kale kama Kilwa. Tulicho nacho ni majengo machache ambayo kila zama imeyarithi na kuyapa kazi nyingine.

Anzia Boma, juu kabisa ya Barabara ya Boma. Siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na wengi huingia kutazama chimbuko la binadamu na wanyama waliokaushwa. Hao wanyama usiwamalizie muda, kesho utawaona wakiwa hai. Tazama jengo lenyewe. Ni ngome ya jeshi la Wajerumani, ilikamilika mwaka 1900, na waliobeba mawe yake ni Waarusha na Wameru waliolazimishwa. Chanzo chake ni Oktoba 1896, pale wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipouawa Akeri, upande wa Meru. Jeshi likaja kulipiza kisasi, likachoma na kuswaga ng'ombe, tena si mara moja. Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, huko huko kwake pamoja na wenzake 18, na miongoni mwao walikuwamo viongozi kutoka Meru na Arusha. Kwa hiyo boma lilipokuwa likimaliziwa, watu wa hapa walikuwa wamekwisha kupoteza wakubwa wao. Mwambie mwongozaji wa makumbusho akupeleke kwanza kwenye sehemu ya enzi za Wajerumani.

Ukitoka getini, AICC, yaani Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, unaiona hapo hapo. Majengo yake matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalikusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, nyumba ikabaki bila mwenyewe, na mwaka 1978 ikawa kituo cha mikutano. Humu ndimo ilimokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba: mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Uzito wa hukumu hiyo unaongezeka ukikumbuka kwamba mkataba wa amani ya Rwanda ulikuwa umesainiwa Arusha hii hii, tarehe 4 Agosti 1993. Ni ofisi za watu, kwa hiyo ongea na walinzi kabla ya kutoa kamera.

Kisha fuata Barabara ya Makongoro hadi Mnara wa Mwenge, Kaloleni. Pembeni yake kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, nyumba ndogo ambayo watu huipita bila kugeuza shingo. Ilikuwa ukumbi wa ustawi wa jamii. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5. Kama umekuja na vijana, wasomee masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Halafu waambie kuwa Zanzibar, mwaka 1991, masharti hayo yalilegezwa. Mjadala utakaozuka hapo unashinda maelezo yangu yote.

Mnara wa Saa upe dakika tano za picha. Utaambiwa uko katikati ya Cairo na Cape Town. Kwa latitudo, katikati ya miji hiyo ni kama nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na Arusha iko zaidi ya nyuzi 3. Yaani katikati yenyewe iko kwa majirani zetu Kenya, usawa wa Kajiado hivi. Wapiga debe wa pale hawapendi hesabu hii.

Beba kitambulisho, maana kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Ukibakiwa na nusu siku, panda daladala ya kwenda Tengeru, kilomita kama 13 kwa barabara ya Moshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wa Poland wapatao 5,000 walihifadhiwa huko, na makaburi yao bado yanatunzwa. Nenda Jumatano au Jumamosi, siku za soko, ili ukirudi uwe na mkungu wa ndizi za bei ya shambani.