Subjonctif ya Kifaransa: maumbo ya kitenzi aller

Subjonctif ni hali ya kitenzi inayotumika pale ambapo tendo halitolewi kama taarifa, bali kama jambo linalotakiwa, linaloogopwa au linalotiliwa shaka. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna hali ya namna hiyo. "Anaenda" ni taarifa. "Nataka aende" ni matakwa, na irabu ya mwisho ndiyo inayoonyesha tofauti. Kwa Kifaransa, kwa kitenzi aller (kwenda): il va, kisha je veux qu'il aille.

Vitenzi vingi vina kanuni nyepesi. Chukua umbo la ils (wao) la wakati uliopo, ondoa -ent, kisha weka -e, -es, -e, -ions, -iez, -ent. Kwa mfano, ils finissent (wanamaliza) inazaa que je finisse. Aller inagoma mapema kabisa, maana ils vont haina -ent ya kuondoa. Wenzake wa -ont ni font, sont na ont, yaani faire (kufanya), être (kuwa) na avoir (kuwa na kitu), na hakuna hata kimoja kinachofuata kanuni. Hivi vinne ndivyo vya kuanza navyo, kwa sababu huwezi kuongea dakika mbili bila kuvihitaji.

Aller huwa hivi: que j'aille, que tu ailles, qu'il aille, que nous allions, que vous alliez, qu'ils aillent. Kwa macho ni mengi, lakini yasikilize: aille, ailles na aillent hutamkwa sawa kabisa, karibu na "ai" yetu ikitamkwa kama silabi moja. Kwa nous (sisi) na vous (ninyi) shina linarudi kuwa all-, na maumbo yake ni yale yale ya imparfait (wakati uliopita wa tendo lililokuwa likiendelea), kwa hiyo ukiijua imparfait hapo huna jipya la kukariri. Vouloir (kutaka) nayo ina mashina mawili: que je veuille, que nous voulions. Faire, savoir (kujua) na pouvoir (kuweza) zina shina moja tu: fasse, sache, puisse.

Être na avoir huenda mbali zaidi, kwani hata viishio vinabadilika: qu'il soit, qu'il ait. Andika nous soyons na nous ayons, bila kuongeza i baada ya y.

Kiswahili kinasaidia sana kwenye "lazima niende", il faut que j'aille. Kuna mahali kinapoteza, na hapo ndipo pa kuwa macho. Sisi husema "nataka niende" bila shida. Kifaransa, mtendaji akiwa yule yule, kinadai je veux aller. Tukisema "ingawa anaenda" hatubadilishi irabu, ila bien que inataka subjonctif: bien qu'il aille. Na "kabla hajaenda", ambayo kwetu ni kanushi, ni avant qu'il aille. Wengi huandika avant qu'il n'aille. Hiyo ne haikanushi chochote.