ERA ya mrushaji si wastani wa ERA zake

ERA (earned run average) ni mikimbio anayoruhusu mrushaji wa besiboli, yule anayemrushia mpigaji mpira, kwa kila iningi 9. Mkimbio ni pointi: mchezaji amezunguka besi zote na kufika nyumbani. Iningi ya mrushaji huisha wapinzani watatu wakishatolewa. Chukua mikimbio iliyoandikwa juu yake, zidisha kwa 9, gawanya kwa iningi alizorusha. Namba ikiwa ndogo, mrushaji ni mzuri. Mikimbio iliyopatikana kwa sababu mwenzake aliuangusha mpira au aliurusha ovyo haimo kwenye hesabu hiyo.

Tatizo liko kwa tunaomfuatilia mrushaji mmoja kwa daftari au Excel, mechi baada ya mechi. Wengi huandika ERA ya kila mechi, kisha wanazijumlisha zote na kugawanya kwa idadi ya mechi. Hiyo si ERA ya mtu yeyote. Tuseme mrushaji wako amemaliza iningi 9 kwa mkimbio 1: ERA ya siku hiyo ni 1.00. Mechi inayofuata anaondolewa baada ya iningi 1, ameruhusu mikimbio 3: ERA ni 27.00. Daftari lako litasema 14.00, yaani mrushaji wa kufukuzwa kesho asubuhi. Ukweli ni mikimbio 4 katika iningi 10, sawa na 3.60, na huyo hana aibu yoyote. Na akiondolewa kabla ya kumtoa hata mpigaji mmoja, ERA ya siku hiyo haiandikiki kabisa kwa sababu huwezi kugawanya kwa sifuri, ingawa ile ya msimu bado inapigika bila shida.

Kipimo hiki kilitafutwa ili mrushaji apimwe kwa kazi yake. Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi New York, ndiye aliyepigania katika karne ya 19 kwamba mikimbio iliyoletwa na makosa ya wenzake itenganishwe na ile inayomhusu mrushaji. Ligi ya National, moja ya ligi kuu mbili za Marekani, iliifanya ERA kuwa takwimu rasmi mwaka 1912. Ushindi peke yake hautoshi kumpima mtu, maana hutegemea wenzake wamepata mikimbio mingapi. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alishinda mechi 10 tu na kupoteza 9, lakini ERA yake ilikuwa 1.70 na tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake, akaichukua.

Kosa la pili ni dogo kwa macho, nalo linaniudhi zaidi. Kwenye takwimu za besiboli, 6.2 maana yake ni iningi 6 na watu wawili waliotolewa katika iningi ya saba, yaani sita na theluthi mbili. Nukta ile si ya desimali. Excel haijui hilo. Ukiipa 6.2 na 5.2 itakujibu 11.4, wakati jibu ni iningi 12 na theluthi moja. Kwa mikimbio 4, ERA sahihi ni 2.92, Excel itakupa 3.16. Kosa hilo hujirudia kila mechi anayotoka katikati ya iningi, na Aprili, msimu ukiwa mchanga na mechi zikiwa tatu au nne, unaweza kumlaumu mtu bure.

Pia usifunge ukurasa wake mara tu anapotoka uwanjani. Wakimbiaji aliowaacha kwenye besi bado ni wake, na mrithi wake akiwaruhusu wafike nyumbani, mikimbio hiyo huandikwa kwa yule aliyetoka.

Dawa ni rahisi. Acha safu ya iningi, weka safu ya watu waliotolewa: 6.2 iwe 20, 5.2 iwe 17. Safu nyingine iwe ya mikimbio yake. Jumlisha kila safu tangu mwanzo wa msimu, zidisha mikimbio kwa 27 (iningi 9 mara watu 3), gawanya kwa waliotolewa. Ijaribu kwa Bob Gibson wa St. Louis, msimu wa 1968: iningi 304.2, mikimbio 38. Hao waliotolewa ni 914. Ukipata 1.12, jedwali lako liko sawa.