Dhana potofu kuhusu ugonjwa wa akili na hasara inayobebwa na familia

Dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayodai kwamba afya ya akili ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba nchi inayohangaika na maji, barabara na malaria haina budi kuiweka kando mpaka itakapopata fedha. Ukweli ni kwamba gharama hiyo tunailipa tayari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi uliopindukia huipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka, hasara inayofikia takriban dola trilioni 1 za Marekani. Hapa Kenya, makadirio yaliyotolewa na Wizara ya Afya na washirika wake yalionyesha kwamba maradhi ya akili yaliugharimu uchumi shilingi bilioni 62.2 mwaka 2020, na sehemu kubwa mno ya hasara hiyo haikutokana na dawa wala vitanda vya hospitali, bali na kazi ambayo haikufanyika na watu waliofariki mapema.

Namna hasara hiyo inavyoingia nyumbani haionekani katika takwimu. Kijana wa Kayole anayechomelea vyuma Kamukunji akianza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, anayepoteza kipato si yeye peke yake. Mama yake hufunga kibanda cha mboga ili amwangalie, mchango wa chama cha kuweka akiba hukatika, karo ya mdogo wake hukosekana, na akiba iliyosalia huishia kwa waganga kabla ya mtu yeyote kutaja zahanati. Kazi ya kuuguza, ambayo mara nyingi huwaangukia wanawake, haihesabiwi popote, na nadhani hiyo ndiyo sababu ni rahisi sana kusema kwamba taifa halina uwezo wa kutibu.

Wapo pia wanaoamini kwamba sonona huwapata wenye nafasi ya kuwaza sana, na kwamba mtu anayetafuta riziki ya kila siku hana muda wa kuugua. Kinyume chake ndicho kweli: madeni, njaa, kufukuzwa nyumba na ukatili huongeza hatari ya kuugua, nao ugonjwa humpunguzia mtu uwezo wa kufanya kazi, hivyo umaskini na maradhi hulishana.

Kuhusu dhana kwamba ugonjwa wa akili hutokana na laana na mapepo, sitaki kuwadharau wanaoomba, kwa kuwa imani humpa mgonjwa na jamaa zake nguvu ya kuendelea. Hata hivyo, skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, ni ugonjwa unaotibika kwa dawa na uangalizi, na kila mwezi unaopita bila matibabu hufanya kupona kuwe kugumu zaidi. Kiongozi wa dini anayemwambia muumini aende kliniki huku akiendelea kumwombea anaokoa maisha.

Dhana nyingine inasema kwamba matibabu yanapatikana Mathari pekee, hospitali iliyo kando ya Barabara ya Thika ambayo ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1910 na ambayo jina lake, kwa bahati mbaya, bado hutumiwa mitaani kama tusi. Madaktari wa akili ni wachache kweli, lakini si kila mgonjwa anamhitaji daktari bingwa. Nchini Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda aliwafundisha akina nyanya kuwasikiliza na kuwashauri wagonjwa wakiwa wameketi kwenye mabenchi ya zahanati za Harare, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wahudumu wa afya ya jamii tunao katika kila mtaa wa Nairobi. Wanachokosa ni mafunzo, usimamizi na malipo ya uhakika.

Mwisho, wengi huogopa kumuuliza mtu iwapo anafikiria kujitoa uhai, wakidhani swali litampandia wazo hilo. Halimpandii, mara nyingi humpa nafasi ya kusema na kutafuta msaada. Kwa miaka mingi sheria yenyewe iliwafunga watu midomo, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aliyenusurika sasa anapaswa kupelekwa hospitalini, si katika kituo cha polisi, na jirani anayempeleka hana sababu ya kuficha kilichotokea.